Uwanja Usio na Nyuso

Katika mtaa mmoja wa Mombasa kuna chumba kidogo ambamo vijana hulipa kwa dakika ili kucheza michezo ya kompyuta. Nilipata kuketi humo jioni moja, nyuma ya vijana wawili waliokuwa wakishindana katika mchezo wa kandanda, bega kwa bega, mbele ya kioo kimoja. Ndimi zao hazikupumzika. Aliyefungwa bao aliambiwa kwamba mlinda lango wake afaa kuchunga mbuzi, naye akajibu kwamba mshambuliaji wa mwenzake hukimbia kama mtu afukuzaye kuku jikoni. Watazamaji walicheka, mchezo ukaisha, na wale wawili wakatoka pamoja kwenda kununua viazi karai. Huo ulikuwa utani, na utani una sheria zake, ingawa hazikuandikwa popote. Kila mmoja alimwona mwenzake usoni, akajua neno lipi limefurahisha na lipi limechoma. Na alipoona limechoma, alilegeza.

Baadaye mmoja wao alirudi, akaketi peke yake katika mchezo mwingine, uchezwao kwa mtandao na watu walio mbalimbali wasiojuana. Humo alikuwa na wenzake wanne wa timu moja, wote wageni kwake. Alichelewa kurudi kulinda mnara, mnara ukaanguka, na mara maneno yakaanza kupanda pembeni mwa kioo. Mwandishi wa maneno hayo, ambaye yamkini kijana hatamwona maishani mwake, alimtukana mama yake, kisha akalitukana kabila alilodhani kuwa ni lake, tena kwa Kiswahili chepesi kabisa. Kijana akaandika neno moja la kujibu, akalitazama, akazima mashine, akalipa na kwenda zake.

Tofauti ya saa ile ya kwanza na saa ile ya pili ndiyo habari ya insha hii. Watu waliobuni michezo ya mtandaoni wameshindana na matusi kwa miaka zaidi ya 40, na aghalabu wameyatafuta ndani ya maneno, ilhali makao ya tusi ni kati ya mtu na mtu.

Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, karibu na mji wa Colchester nchini Uingereza, mwanafunzi aitwaye Roy Trubshaw alianza kutunga mchezo alioupa jina la MUD, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Haukuwa na picha hata moja. Mchezaji alisoma kwamba yu njiani au yu msituni, akaandika amri kwa herufi, na wengine waliokuwamo wakati ule waliweza kuyasoma aliyoyasema. Hapo ndipo mchezo na maongezi vilipofungwa kwa kamba moja. Amani ililindwa na wachezaji waliokwisha kufika daraja ya juu, walioitwa wachawi. Mchawi aliweza kumwua mkorofi kwa amri moja. Ulikuwa utawala wa wazee wa kijiji, wenye mapendeleo na hasira zake, lakini uliweza kwenda maadam kijiji kilikuwa kidogo na watu walijuana kwa tabia hata kama hawakujuana kwa sura.

Mji wenyewe ulijengwa California. Mwaka 1990 Pavel Curtis, mtafiti katika maabara ya kampuni ya Xerox mjini Palo Alto, alianzisha mahali palipoitwa LambdaMOO. Palifanana na nyumba kubwa yenye vyumba vingi, vyote vya maneno matupu, na kila aliyeingia aliweza kujijengea chumba na kutunga vitu vyake. Hapakuwa na mshindi wala mshinde. Watu walikuja kuzungumza. Maelfu waliingia, na kadiri walivyozidi ndivyo ugomvi ulivyozidi. Mashauri yote yalipelekwa kwa wachawi, yaani wale wachache walioitunza programu, hata wakachoka. Mwishoni mwa mwaka 1992 Curtis alitangaza kwamba wachawi hawataamua tena magomvi ya watu. Wao watashughulika na mitambo tu, nayo jamii ijitafutie njia yake.

Tangazo hilo lilikuwa la uungwana, lakini liliuacha mji bila askari wala kadhi. Miezi michache baadaye, katika mwaka 1993, mchezaji aliyejiita Mr. Bungle aliingia sebuleni, mahali penye watu wengi kuliko pote, akatumia programu ndogo iliyomwezesha kuandika maneno yaliyoonekana kana kwamba ni matendo ya wachezaji wengine. Akawaonyesha mbele ya wote wakifanya na kufanyiwa mambo ya aibu ambayo hayafai kutajwa hapa. Waliotendewa hivyo walisoma habari za unyonge wao chini ya majina yao wenyewe, wala hawakuwa na njia ya kumziba mdomo. Mwanamke mmoja miongoni mwao aliandika shitaka lake kwa jamii nzima, na alikiri baadaye kwamba aliliandika huku machozi yakimtoka.

Yafaa tusimame hapa kidogo, maana watu wengi, na hasa watu wazima wasiocheza, husema kwamba hayo ni maneno tu, na kwamba aliyeudhiwa angezima mashine. Sikubaliani nao. Mtu atukanwaye sokoni naye hakuguswa mwili. Angeweza kuziba masikio akaenda zake. Lakini sokoni ndiko anakouza na kununua, ndiko anakojulikana kwa jina, na kumwambia aondoke ni kumpa mwenye matusi soko lote. Waliokuwa LambdaMOO walikuwa wamejenga huko majina na urafiki wa miaka. Kuzima kulikuwa kuhama.

Siku chache baada ya tukio, wachezaji wapatao 30 walikutana katika chumba kimoja cha nyumba ile ya maneno ili kushauriana. Walibishana kwa saa nyingi. Wengine walitaka mkosaji afutwe kabisa, adhabu ambayo huko iliitwa kugeuzwa chura. Wengine waliuliza ni kwa sheria gani, maana haikuwako hata moja iliyovunjwa. Wengine walisema mwenye kosa ni programu inayoruhusu jambo kama lile. Mr. Bungle mwenyewe alitokea katikati ya baraza, akasema machache yasiyomridhisha mtu, akaondoka. Mkutano ukamalizika bila ya uamuzi. Usiku ule mchawi mmoja aliyekuwa akisikiliza alifikiri peke yake, kisha akaandika amri, na Mr. Bungle akawa hayuko tena.

Kwa maoni yangu hukumu ile ilikuwa ya haki, lakini njia yake haikuwa ya haki, na wenyeji wa LambdaMOO waliyaona yote mawili. Curtis aliporejea kutoka safarini alikubali kwamba mji hauwezi kuishi kwa usiku mmoja wa mtu mmoja, akatengeneza utaratibu wa maombi na kura ambao kwa huo wachezaji wangeweza kuwaamuru wachawi. Ni mara chache katika historia ya michezo watu kuonekana wakigundua upya, kwa uchungu na kwa haraka, kwa nini binadamu walibuni mahakama. Naye aliyekuwa Mr. Bungle alirudi baada ya muda kwa jina jingine. Jambo hilo nalo lilikuwa fundisho: mahali pasipo na uso, aliyefukuzwa huingia tena kwa mlango uleule.

Mwandishi wa magazeti Julian Dibbell aliichapisha habari hii mjini New York mwaka uleule wa 1993, ikasomwa sana na wanasheria. Kampuni za biashara hazikuifuata. Kampuni zilipoanza kuuza michezo kwa mamilioni ya watu, na hasa kwa watoto, hazikutaka mabaraza yakeshayo usiku kucha. Zilitaka kitu chepesi kisichohitaji mshahara. Kitu hicho kilikuwa chujio: orodha ya maneno mabaya, na programu ya kuyafuta kila yaonekanapo.

Kasoro ya chujio ilijulikana mapema. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, kaskazini mwa Uingereza, walishindwa kujiandikisha katika huduma ya mtandao ya AOL, kwa sababu ndani ya jina la mji wao mna herufi nne ambazo zikikaa pamoja hufanya mojawapo ya matusi makubwa ya Kiingereza. Mji wa watu wenye heshima zao ukawa tusi. Upande wa pili, mwenye nia ya kutukana hakuzuiwa na lolote. Aliandika sifuri mahali pa herufi ya duara, akatia nukta katikati ya neno, akapachika alama hapa na pale, na kila aliyesoma akaelewa.

Wengine wakageuza hesabu: badala ya kukataza mabaya, wakaruhusu mazuri peke yake. Katika miaka ya 1990 Kampuni ya Disney ilitafuta njia ya watoto kuongea mtandaoni bila ya hatari yoyote. Randy Farmer, mmoja wa mabingwa wa kazi hiyo, amesimulia jinsi walivyotunga utaratibu ambao mtoto angeunga sentensi kwa kuchagua maneno yaliyokwisha kukaguliwa, yote safi. Wakamweka kijana wa miaka 14 aujaribu. Haukupita muda kijana akatunga sentensi yenye twiga na sungura, isiyo na neno baya hata moja, nayo ikawa chafu kuliko matusi mengi ya orodha. Mradi ukaachwa. Mchezo wa Toontown, ulioanza mwaka 2003, uliwapa watoto sentensi kamili zilizokwisha kuandikwa, wachague tu, kama mtu atumiaye barua zilizopigwa chapa. Matusi yakapungua kweli. Na mazungumzo pia.

Sisi watu wa lugha hii hatukuhitaji kumngoja kijana yule ili tujue jambo hilo. Wazee wamesema kwamba fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huling'amua. Katika karne ya 19 malenga wa Mombasa, Muyaka bin Haji akiwa mkubwa wao, walijibizana kwa mashairi, na mara nyingine shairi moja lilimwumiza mtu kuliko fimbo ingawa kila neno lake lingeweza kusomwa mbele ya watoto. Anayevaa leso yenye maneno ya kumsema jirani hakutamka kitu. Mwimbaji wa taarabu aimbapo juu ya ndege, au chungu kilichopasuka, ukumbini mna mtu ajuaye kwamba chungu ni yeye. Mpe mtu kama huyo orodha ya maneno mia yaliyoruhusiwa, naye atatukana kwa maneno hayo mia.

Basi ikarudi fikira ya baraza. Mchezo wa League of Legends, wa kampuni ya Riot Games ya Los Angeles, ulianza Oktoba 2009. Humo watu watano hupambana na watu watano kwa muda wa nusu saa au zaidi, na kosa la mmoja huwaangusha wote. Wageni watano hufungwa pamoja, kila mmoja akitegemea mikono ya mtu asiyemjua, wala hawaruhusiwi kutoka bila adhabu. Sijui jiko lipi lingefaa zaidi kupikia ugomvi. Kufikia Januari 2014 kampuni ilitangaza kwamba watu milioni 67 walikuwa wakiucheza kila mwezi, na sifa mbaya ya ndimi za wachezaji wake ilikuwa imeenea pote.

Mwaka 2011 kampuni ilifungua mahali ilipopaita Baraza la Hukumu. Mchezaji aliyeshitakiwa na wengi aliandikiwa faili, na ndani ya faili yakawekwa maneno yote aliyoyasema na waliyoambiwa wenzake katika michezo ile. Wachezaji wengine, watu wa kawaida wenye akaunti zao, walisoma faili hizo wakapiga kura ya kuadhibu au ya kusamehe. Hapo mwanzo waliokubaliana na wengi walipewa pointi kidogo kama ujira, jambo ambalo silisifu, kwani jaji alipwaye kwa kuwa upande wa wengi hujifunza kuwasikiliza wengi kuliko kumsikiliza mshitakiwa. Hata hivyo watu walisoma. Kura zilizopigwa katika mwaka wa kwanza peke yake zilihesabiwa kwa makumi ya mamilioni, na wafanyakazi wa kampuni walipozipitia hukumu hizo walikubaliana nazo karibu mara 80 katika kila 100.

Lililonishangaza zaidi katika habari za baraza hili lilikuwa sura ya wakosaji wenyewe. Jeffrey Lin, mtaalamu wa elimu ya ubongo aliyeongoza utafiti huo, alitazamia kwamba matusi yatoka kwa watu wachache wabaya, na kwamba hao wakifukuzwa uwanja utatulia. Hesabu ikakataa. Wakorofi wa kudumu walikuwa wachache, na matusi yao yalikuwa sehemu ndogo tu ya matusi yote. Sehemu kubwa ilitoka kwa wachezaji ambao siku nyingine zote walikuwa watu wema: aliyegombana nyumbani, aliyeshindwa mara tatu mfululizo, aliyetukanwa katika mchezo uliopita akaingia na moto wake katika unaofuata. Tusi lilipita kutoka mchezo mmoja hadi mwingine kama mafua katika bweni.

Kwa hiyo wakajaribu mambo madogo. Waliandika onyo kwa rangi nyekundu mwanzoni mwa mchezo, likisema kwamba mwenzako ukimsumbua baada ya kukosea atazidi kucheza vibaya, na lugha chafu ikapungua kwa asilimia 11. Walizima maongezi baina ya timu pinzani, wakamwachia kila mtu uhuru wa kuyawasha mwenyewe. Wengi waliyawasha, kwa hiyo maneno hayakupungua sana, lakini yakawa na adabu zaidi. Na wakagundua jambo ambalo kila mwalimu mzuri alijua tangu zamani. Walioadhibiwa na kutajiwa aina ya kosa lao peke yake, nusu yao hawakurudia kosa la kustahili adhabu katika miezi mitatu iliyofuata. Walipoonyeshwa pamoja na adhabu yale maneno yao wenyewe na hukumu ya wenzao, waliojirekebisha wakafika asilimia 65. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuyasoma maneno yao wakiwa wametulia.

Ugonjwa wa baraza ulikuwa mwendo wake. Faili ilisubiri siku nyingi, pengine majuma, na adhabu ilipomfikia mtu alikwisha kusahau kosa. Mwaka 2014 baraza lilifungwa, na mwaka uliofuata kazi yake ikachukuliwa na programu itoayo hukumu dakika chache baada ya mchezo kwisha, ikiwa imefunzwa kwa zile kura za mamilioni. Ni haki kusema kwamba mashine hiyo ni ya haraka, haichoki, wala haina shemeji. Lakini ilijifunza hukumu, haikujifunza kusikiliza, na mshitakiwa aliyekuwa na la kujieleza hakubaki na watu wa kulisoma isipokuwa kwa kuandika barua kwa kampuni.

Tangu hapo mambo yamekwenda mbio. Wachezaji wengi wameacha kuandika, wakawa husemezana kwa sauti, na sauti haina orodha ya herufi. Agosti 2023 kampuni ya Activision ilianza kujaribu, katika mchezo wake wa Call of Duty, programu iitwayo ToxMod, ambayo husikiliza maongezi ya wachezaji ili ipate kutambua matusi na chuki. Programu huripoti, na kampuni ndiyo iamuayo adhabu. Ilianzia Amerika ya Kaskazini, kwa Kiingereza, na Novemba ya mwaka huo ikaenezwa sehemu kubwa ya dunia isipokuwa Asia.

Mpangilio huo, Kiingereza kwanza na wengine baadaye, ndio uliotawala tangu siku za chujio la kwanza, na ndio unaonirudisha katika kile chumba cha Mombasa. Aliyemtukana kijana yule hakutumia neno moja la kigeni. Alimtukana mama kwa maneno yetu ya mitaani na kabila kwa jina la mnyama, na chujio la mchezo, lililotengenezwa mbali na lisilojua lugha hii, liliyaona kuwa ni herufi tu likayapitisha yote yalivyo.

Nilikutana na kijana huyo baadaye nikamwuliza alijibu nini. Aliniambia kwamba hakutaka kurudisha tusi. Alitaka tu mwenzake ajue kwamba mambo hayo yatafika kwa wasimamizi, kwa hiyo aliandika neno moja, “Nitakushitaki.” Chujio likaona ndani yake zile herufi nne ambazo kwa Kiingereza ni uchafu, na katika uwanja mzima neno pekee lililofunikwa kwa nyota lilikuwa lake. Chini yake yakatokea maandishi ya onyo, yakimtaka mchezaji achunge lugha yake.